Bibi Anaikumbuka Harusi Yake, Hajui Kama Amekula



Miezi michache iliyopita tuliitwa, baada ya sala ya Alasiri, katika nyumba moja ya Mji wa Kale, hapa Mombasa. Aliyetuita alituarifu kwa simu kwamba pana jambo la kheri: bibi yao ameamua kumpa mmoja wa wajukuu wake shamba la minazi, na wanataka mtu wa dini awepo ashuhudie bibi akitia dole gumba. Tukaenda. Tulimkuta bibi amekaa kitandani, mtandio kichwani, tasbihi mkononi, uso umetulia. Kando yake palikuwa na sinia lenye mabaki ya wali na mifupa ya samaki. Karatasi ilikuwa tayari, na wino pia.

Tulipoanza kumjulia hali, mjukuu akatutangulia. "Sheikh, usiwe na wasiwasi. Bibi ana akili kutushinda sote. Muulize habari za harusi yake."

Tukamuuliza. Subhanallah! Alitusimulia karibu nusu saa bila kukwama. Ilikuwa msimu wa kaskazi, majahazi ya Oman na ya Ghuba yamejaa Bandari ya Kale, na tende zilikuwa rahisi mwaka ule. Alitaja mahari yake, akamtaja kungwi wake na ukali wake, akawataja wanawake waliopiga vugo mmoja mmoja na mitaa waliyotoka, huyu wa Kuze, yule wa Kibokoni. Alitueleza rangi ya leso aliyovishwa, na ugomvi uliozuka jikoni kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyepungua. Waliokuwapo walicheka, nasi tukacheka.

Kisha tukamuuliza, "Na leo mchana, bibi, umekula nini?"

"Kula? Tangu jana hakuna aliyenipa hata maji."

Binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. Sinia lilikuwa pale pale. Tukamuuliza bibi shamba anataka kumpa nani. Akajibu kwamba shamba ni la baba yake, na baba yake aulizwe mwenyewe atakaporudi. Akatutazama kwa furaha, akatuita kwa jina la marehemu baba yetu, akatuuliza mbona siku hizi hatupiti kunywa kahawa.

Hatukutia sahihi karatasi ile.

Tangu siku hiyo jambo hili halijatutoka moyoni, kwa kuwa tumeona kwamba katika nyumba zetu kosa moja linazaa madhara mawili. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba anayekumbuka ya kale ana kumbukumbu nzima. Mwenye haja na mali ya mzee huitumia dhana hiyo kama ushahidi: anakumbuka harusi yake, basi ana akili timamu, basi na atie kidole. Na mwenye kumuuguza mzee, aliyechoka, huitumia kama mashtaka: anakumbuka mbuzi wa zaidi ya miaka sitini iliyopita, vipi asahau wali wa saa saba mchana? Basi anajifanya. Basi anataka kutuaibisha kwa majirani kwamba hatumlishi. Maneno haya ya pili tumeyasikia mara nyingi zaidi, na mara nyingi yalisemwa na watu wema.

Wala tusijifanye wasafi. Sisi wenyewe tulimkosea mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiuliza kila jioni, taa zinapowashwa, kwa nini baba yetu hajarudi. Baba alikuwa amekwisha kufariki zaidi ya miaka kumi. Nasi, kwa kuamini kwamba ukweli ni dawa ya kila kitu, tulimjibu kila jioni: "Mama, Baba alishakufa." Na kila jioni aliipokea khabari ile kama msiba mpya. Alilia, akauliza mbona hakuambiwa, nani aliyemuosha, nani aliyemsalia. Siku ya pili jua likizama, swali ni lile lile. Hatuwezi kuhesabu ni mara ngapi tulimfiwisha mama yetu.

Aliyetuzindua ni dada yetu mdogo, ambaye hakukaa sana chuoni. Alituambia, "Kaka, wewe wampa khabari. Yeye hataki khabari, yuataka kumtaja." Jioni ile mama alipouliza, dada alimjibu kwa swali: "Baba akirudi kazini alikuwa akipenda nini?" Mama akaanza kutueleza mahamri na mbaazi, na jinsi baba alivyokuwa akivua viatu nje ili asiwaamshe watoto. Tuliyasikia mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia maishani mwetu. Ikaadhiniwa Isha bado anasimulia, na hakulia.

Wako watakaosema kwamba huko ni kudanganya. La. Dada hakusema kwamba baba yu hai. Aliligeuza swali. Wanavyuoni wetu wamelieleza jambo hili tangu zamani kwa jina la ma'aridh, yaani kauli ya kweli inayompitisha mtu kando ya jambo linalodhuru, bila ya kutamka uongo. Ukimya nao unaruhusiwa. Hakuna aya wala hadithi inayotutaka kumliza mgonjwa kila Magharibi.

Sasa tuulize: kwa nini jambo la juzi lipotee na la miaka sitini libaki? Tulizoea kuona kinyume chake. Kilichokaa sana ndicho huchakaa.

Wenzetu waliosoma chuo cha zamani watakumbuka ubao. Maalim alikuandikia somo kwa wino, ukalisoma asubuhi hadi jioni, na ukishalihifadhi ubao ulioshwa, likaandikwa somo jipya. Somo la leo lilikuwa ubaoni tu. La mwaka jana halikuwa ubaoni tena, lilikuwa kifuani. Ubao ukianguka ukavunjika, mwanafunzi hupoteza somo la leo, na hawezi kupokea la kesho, lakini aliyoyahifadhi bado anayasoma. Ubongo wa mwanadamu una mfano wa ubao huo. Ndani yake, upande wa kulia na wa kushoto, mna sehemu ndogo iliyojikunja kama farasi wa baharini, na madaktari huiita hipokampasi. Hiyo ndiyo inayopokea matukio mapya na kuyashika mpaka yatulie katika sehemu nyingine za ubongo. Katika maradhi ya Alzheimer, ambayo ndiyo aina ya dimensia inayoenea zaidi, uharibifu huanza mapema katika hipokampasi na jirani zake. Wali wa mchana ule haukuandikwa. Bibi hakuusahau, maana mtu husahau alichokuwa nacho. Kwake yeye mchana ule haukuwahi kuwapo, na alipotuambia hajala alikuwa akisema kweli kama anavyoiona.

Jambo hili lilianza kuandikwa na wataalamu muda mrefu uliopita. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alitoa kitabu juu ya maradhi ya kumbukumbu, akaeleza kwamba kumbukumbu mpya ndizo hutangulia kupotea na za zamani hufuatia. Miaka 20 baadaye, mwezi wa Novemba 1901, daktari Alois Alzheimer alimpokea hospitalini Frankfurt, Ujerumani, mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Daktari alimuuliza jina lake, akalitaja. Alimuuliza jina la mumewe, akataja lake mwenyewe. Alimkuta anakula, akamuuliza anakula nini, naye akataja chakula kingine kabisa. Auguste alifariki mwaka 1906, na uchunguzi wa ubongo wake ndio uliofanya jina la daktari yule lipewe maradhi haya. Tulipoisoma habari hii tulikikumbuka chumba kile cha Mji wa Kale, na sinia lile.

Uthibitisho ulio wazi zaidi ulitoka Marekani. Mwaka 1953 kijana Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa, alipasuliwa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kushika tukio jipya. Aliikumbuka vyema miaka ya utoto wake, lakini kila daktari aliyeingia chumbani alikuwa mgeni, hata aliyekuwa ametoka punde. Bibi Brenda Milner, mtaalamu wa Kanada aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimfundisha kuchora nyota huku akitazama mkono wake katika kioo. Kila siku Henry aliona kwamba anajaribu kwa mara ya kwanza, na kila siku mkono wake ulichora vizuri zaidi. Mkono ulijifunza, naye mwenyewe hakujua.

Hapo wasomaji wetu wanawake watayatambua mengi. Mzee asiyewajua watoto wake akipewa ukindu, vidole vinasuka ukili. Mama asiyejua kama ni asubuhi au usiku husukuma chapati ikawa duara. Tumemwona mzee mmoja aliyekuwa imamu, asiyeweza kulitaja jina la mwanawe wa kwanza, akianzishiwa neno moja la sura akaiendeleza mpaka mwisho kwa tajwidi. Kilichorudiwa maelfu ya mara kimekaa mahali pengine, na maradhi hayafiki huko upesi.

Na mbona harusi, mbona si mambo ya umri wa miaka arubaini na mitano? Watafiti waliowauliza wazee wazima, wasio na maradhi yoyote, wamekuta kwamba kumbukumbu nyingi za maisha huwa ni za baina ya umri wa miaka kumi na thalathini. Ndio umri wa kubaleghe, kuolewa, kuzaa, kufiwa na mzazi, kuhama mtaa. Mambo ya mara ya kwanza hupiga mhuri mzito. Tena ndiyo yanayosimuliwa barazani mwaka baada ya mwaka, na kila kusimuliwa ni kama kusoma darsa upya. Kwa hiyo maradhi yanapoifuta miaka ya karibu, mzee hubaki akiishi katika ile miaka iliyopigwa mhuri. Atamwita binti yake "mama". Atajikana katika kioo, maana anayejijua yeye ni msichana wa miaka kumi na minane, na huyu mwenye mvi ni nani? Atasema "nataka kwetu" hali amekaa katika nyumba aliyokaa miaka hamsini, kwa kuwa "kwetu" ni ile nyumba aliyochezea utotoni. Tumemsikia mzee wa Nyali akiomba apelekwe kwenye daraja la kuelea, lililokuwapo kabla daraja la sasa halijafunguliwa mwaka 1980. Hata lugha hurudi nyuma. Aliyezaliwa visiwani akakulia Mombasa hurejea Kibajuni ambacho wajukuu hawakisikii vyema, na mzee wa Kihadhrami aliyesema Kiswahili maisha yake yote huanza kuomba maji kwa Kiarabu. Si ukaidi. Lugha ya kwanza ndiyo iliyo chini kabisa ya kisima.

Lakini tusipindukie mpaka. Kumbukumbu ya kale ya mgonjwa huonekana nzima kwa kuwa imesimuliwa sana, nayo huwa imepambwa, imeunganishwa, na pengine imeazimwa. Binti wa yule bibi alitueleza pembeni kwamba leso ile ilikuwa ya harusi ya dada mkubwa, na mbuzi aliyepungua alikuwa wa msiba. Maradhi yakiendelea, ya kale nayo huanza kumomonyoka, miaka ya karibu kwanza, kisha ya utu uzima, kisha ya ujana. Tena si kila dimensia hupita njia hii. Iko inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo, ambayo huenda kwa ngazi, leo nafuu, kesho ameshuka. Na iko adimu ambayo hutangulia kuondoa maana za maneno na vitu, mgonjwa akayajua zaidi ya mwezi uliopita kuliko ya ujanani.

Sisi wenye kusoma hadithi za Mtume (S.A.W.) hatukupaswa kulishangaa jambo hili. Wanavyuoni wa hadithi walilijua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakaliita ikhtilat, yaani kuchanganyikiwa kwa kumbukumbu ya mpokezi mwishoni mwa umri wake. Wala hawakumtupa mtu kwa sababu hiyo. Walifanya jambo la uadilifu mkubwa: waliuliza nani alimsikia lini. Ataa bin as-Saaib, aliyefariki mwaka 136 Hijria, alichanganyikiwa katika uzee wake. Waliomsikia zamani, kama Shu'ba na Sufyan ath-Thawri, walikubaliwa mapokezi yao kutoka kwake. Waliomsikia mwishoni hawakutegemewa. Heshima ya mzee ilibaki, na dini ya watu ikahifadhiwa.

Na kilichotuliza zaidi ni habari ya Jarir bin Hazim wa Basra, aliyefariki mwaka 170 Hijria. Naye alichanganyikiwa mwishoni. Watoto wake walikuwa watu wa hadithi, wakalitambua mapema, wakamzuia asikae na watu kusimulia, hata hakuna aliyepokea chochote kutoka kwake katika hali ile. Maimamu walioandika habari za wapokezi wanalitaja jambo hili kwa kulisifu. Watoto wale hawakumcheka baba yao, wala hawakumleta mbele ya wageni ajaribiwe. Walimsitiri. Tulipolisoma tena baada ya siku ile, tulimfikiria mjukuu aliyetuambia, "Muulize habari za harusi yake."

Basi turudi kwenye karatasi, maana hapa pana haki za watu. Hiba katika sharia yetu haiswihi ila anayetoa awe baleghe, ana akili, na kwa hiari yake. Wasia nao ni hivyo hivyo. Akili inayotakiwa ni ya saa ile ya kutoa: ajue anachotoa, ajue ni mali yake, ajue anampa nani, na ajue ni nani atakayekosa. Masuala haya manne hayajibiwi kwa kusimulia harusi. Na pengine asiyeweza kusimulia harusi yake akayajibu yote manne, kwa sababu usahaulifu una daraja zake. Mzee aliye mwanzo wa maradhi, katika saa yake ya asubuhi, anaweza kuwa na akili ya kutosha kwa jambo lake. Ndiyo maana twasema daktari amwone kabla ya karatasi, na warithi wote wawepo, si mmoja na wino wake. Ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo mwishoni mwa Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandika madeni na kushuhudisha, na ndani yake amewekewa njia yule dhaifu asiyeweza kuimlisha: msimamizi wake asimame badala yake kwa uadilifu. Sheria za nchi nazo zina njia ya kuiomba mahakama imweke mtu wa kuisimamia mali ya asiyejiweza. Njia hizo ni ndefu na zinachosha, twakiri. Lakini mashamba mangapi ya pwani yamehama mikono kwa dole gumba la mzee aliyedhani anatia alama ya posho?

Kuna ubaya ulio mkubwa kuliko huo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana ugomvi wa ardhi. Mzee anayetoka usiku akazunguka mtaani akimtafuta mama yake aliyekufa, akasimama kwenye mlango wa jirani asiyemjua, huyo anahitaji mkono wa kumrudisha ndani. Tunawaomba maimamu wenzetu walitaje hili kwenye mimbari kwa jina lake.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hospitali inaweza kusaidia kuliko tunavyodhani. Si kila anayechanganyikiwa ana dimensia: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi la shingoni, huzuni kubwa iliyojificha, dawa zilizozidi, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, vyote vyaweza kumpoteza mzee, na vingi vina tiba. Aliyebadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe haraka, maana pengine ni uambukizo wa mkojo au wa mapafu tu. Shinikizo la damu na sukari vidhibitiwe mapema, na masikio yapimwe, kwa sababu kutosikia nako huongeza hatari. Na kusahau jina la mtu kisha likaja baada ya saa moja ni uzee wa kawaida. Sisi tuna miaka hamsini na kitu na miwani yetu huitafuta kila Alfajiri.

Kuhusu ibada twaulizwa sana, basi tuseme kwa ufupi. Kalamu imeondolewa kwa aliyeondokewa na akili. Mzee aliyefika hapo hana deni la sala wala la saumu, na familia isijitie dhiki kwa ajili yake. Aliye na nyakati za utambuzi husali katika nyakati hizo kwa kadiri awezavyo, na akisali Adhuhuri mara tatu kwa kusahau, msimkemee. Mwekeeni mswala.

Mzigo wenyewe, kama tujuavyo, huangukia bega moja. Ni binti aliyeachika, au mke wa mtoto wa mwisho, au mjukuu wa kike aliyekatizwa masomo. Ndugu yake aliye Dubai au Doha hutuma pesa, jambo la kushukuriwa, kisha hupiga simu Ijumaa, mama humwambia hajala tangu jana, naye huanza kumgombeza dada yake. Tunamwambia ndugu huyo: njoo ukae wiki mbili. Utasikia swali moja mara arubaini kutwa. Katika Suratul Israa Mola wetu ameutaja uzee wa wazazi unaowafikia wakiwa kwako, chini ya dari lako, akakataza hata ile sauti ndogo ya kuchoka. Tuliisoma aya hiyo tangu utotoni tukidhani inakataza matusi. Tulipomuuguza mama tukafahamu kwamba inazungumza na mara ya arubaini. Na anayeombwa awe na subira ya mara ya arubaini lazima apate zamu ya kulala.

Yule binti wa mlangoni tulizungumza naye siku ile tulipokuwa tukitoka. Alituuliza jambo moja tu: "Kwa hivyo hanisingizii?" Tukamwambia la, hakusingizii. Alijifuta uso kwa ncha ya leso. Alikuwa ameubeba mwaka mzima.

Bibi alipelekwa hospitali. Shinikizo la damu lilikuwa juu na sasa anatumia dawa, na sikio moja lilikuwa limeziba likazibuliwa. Kumbukumbu haikurudi, na daktari aliwaambia wasiitarajie. Karatasi ya shamba haikutiwa kidole, na familia imeafikiana kulifikisha jambo mbele ya mahakama. Mjukuu yule mpaka leo akituona huvuka upande wa pili wa barabara.

Tulipita kumzuru wiki iliyopita. Tulimkuta ukumbini, binti yake amempa ukindu, anasuka ukili mwembamba ulionyooka kama uzi. Alituita tena kwa jina la baba, akatuuliza kama majahazi yameingia.

Tukamwambia kaskazi imeanza kuvuma.